Nyanya wa Shambani Aliyejifunza Kuchora Mwenyewe

Katika vikundi vyetu tunasikia mara nyingi: "Huyo nyanya mikono yake haiwezi kusuka tena, wacha apumzike." Hebu tuangalie habari za mama mmoja wa Marekani, Anna Mary Robertson Moses, ambaye watu walimwita Grandma Moses, yaani Nyanya Moses.

Alizaliwa mwaka wa 1860 katika shamba huko jimbo la New York. Shule alisoma kidogo tu. Akiwa na miaka 12 aliajiriwa kazi za nyumbani kwa watu. Mwaka wa 1887 akaolewa na mkulima, akazaa watoto kumi. Watano walifariki wakiwa wachanga. Alitengeneza siagi akauza, kwa hivyo mambo ya biashara hayakuwa mageni kwake.

Bwanake alifariki mwaka wa 1927. Mama huyu alipenda kushona picha kwa nyuzi za sufu, lakini baridi yabisi ilimkamata vidole, sindano ikamshinda. Ni dada yake aliyemwambia ajaribu brashi. Kumbe brashi ilishikika! Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 70.

Hakufundishwa na mtu. Mwanzo aliiga picha za kadi, halafu akaanza kuchora anayoyajua: vilima, theluji, mavuno, watu wakichemsha utomvu wa miti kupata sukari. Alitumia ubao mwembamba, akaupaka rangi nyeupe mara tatu kwanza. Kisha alichora kutoka juu kwenda chini: mbingu, milima, miti, nyumba, na mwisho watu na ng'ombe. Ukifikiria, ni mpango mzuri, kwa sababu kilicho mbali kinatangulia na kilicho karibu kinakaa juu yake.

Alipopeleka picha kwenye maonyesho ya wilaya pamoja na jamu yake, jamu ndiyo iliyopata zawadi. Picha hazikupata kitu.

Mwaka wa 1938 picha zake zilikuwa zimewekwa kwenye dirisha la duka la dawa katika mji mdogo wa Hoosick Falls. Mgeni aitwaye Louis Caldor, mpenda sanaa kutoka jiji la New York, alipita akaziona, akazinunua zote. Bei ilifuata ukubwa: dola 3 kwa ndogo, dola 5 kwa kubwa. Miaka miwili baadaye alifanyiwa maonyesho yake mwenyewe jijini New York.

Hapa vikundi vinavyouza vikapu na vyungu wasikie vizuri. Majirani waliopita mbele ya dirisha lile hawakuona cha ajabu, kwani vilima vile walivizoea. Aliyevithamini alitoka mbali. Na bei ya kupima kwa ukubwa peke yake haihesabu siku za kazi. Mwaka wa 2006, picha yake moja ya utengenezaji wa sukari iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, miaka 45 baada ya yeye kufariki.

Alichora zaidi ya picha 1,500, na aliendelea mpaka mwaka wa 1961, alipoaga dunia akiwa na miaka 101.