Ngoma Yetu, Roki na Shetani

Wenzetu wengi hapa Bujumbura husema kwamba muziki wa roki ni wa Shetani. Ukiwauliza sababu, wengine hujibu hivi: mapigo yake yalitoka katika ngoma za Afrika, nazo ngoma hizo zilikuwa za kuita mapepo. Jibu hili latugusa sisi Warundi kuliko watu wengine, maana ngoma yetu imeingia kweli katika roki. Basi yafaa tuchunguze mambo yalivyokuwa.

Wazee wetu walimjua Imana aliye Muumba, lakini katika shida zao walimwendea Kiranga, mkuu wa mizimu, kwa ibada iitwayo kubandwa. Mapadre Weupe walipofungua misheni za Muyaga mwaka wa 1898 na Mugera mwaka wa 1899, waliihesabu ibada hiyo kuwa ya Shetani, na aliyetaka ubatizo ilimpasa kuiacha. Ngoma za mfalme zilikuwa jambo jingine. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na ufalme, na ngoma kuu, Karyenda, ndiyo iliyokuwa alama ya ufalme wenyewe. Ngoma zilivuma katika umuganuro, sikukuu ya kubariki mbegu za mtama. Lakini wageni waliona ushirikina tu katika hayo yote, hawakupambanua, na baada ya mwaka wa 1929 umuganuro haukufanywa tena na mfalme.

Sasa tazameni ngoma hiyohiyo ilikofika. Mwaka wa 1967 Wafaransa walinasa sauti za wapiga ngoma wetu wakazitia katika santuri. Mwaka wa 1971 watu wa muziki wa Ufaransa wakaongeza piano na gitaa juu ya mapigo hayo, wakaiita santuri yao “Burundi Black”. Mwaka wa 1975 Joni Mitchell, mzaliwa wa Kanada, alizitumia ngoma zetu katika wimbo wake “The Jungle Line”. Kisha, tangu mwaka wa 1980, vikundi viwili vya London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, vikajipatia sifa kwa mapigo ya namna hiyo. Nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia jina la Kiranga. Walipenda kishindo, basi.

Shetani wa roki hakutoka Afrika. Alitoka katika vitabu na sinema za Ulaya. Rolling Stones walipoimba juu yake mwaka wa 1968, walikuwa wamevutwa na riwaya ya Mrusi Bulgakov. Black Sabbath wa Birmingham, waliotoa santuri yao ya kwanza mwaka wa 1970, walichukua jina lao katika sinema ya kutisha. Na mtungaji wao wa maneno, Geezer Butler, alilelewa Mkatoliki, tena wimbo wao mmoja wa mwaka wa 1971 waitetea imani waziwazi! Naye Anton LaVey, aliyeanzisha Kanisa la Shetani San Francisco mwaka wa 1966, alikuwa mpiga kinanda asiyependa roki.

Sisemi kwamba hakuna ubaya. Huko Norwei, tangu mwaka wa 1992, vijana wa muziki uitwao “black metal” walichoma makanisa ya mbao, na mwaka wa 1994 mmoja wao, Varg Vikernes, alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa kuua mtu na kuchoma makanisa. Hayo ni matendo ya watu, na watu hao walihukumiwa kwa matendo yao. Mapigo ya ngoma hayakushtakiwa.

Mwaka wa 2014 UNESCO iliandika ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu, na siku hizi ngoma husikika hata katika Misa. Anayeona kwamba mapigo yenyewe yana pepo na aandike katika toleo lijalo, atuonyeshe ni pigo lipi.