Kufuli Zima Si Shahidi
Elimu ya makufuli, sehemu ya pili

Giza likiingia Mai Mahiu, malori hujipanga kando ya barabara chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mengine yanaelekea Naivasha, Nakuru na Malaba, mengine yatakunja kushoto kwenda Narok. Mlango wa nyuma wa lori la bodi umefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa dereva au wa tanboi, na wote wawili wamechoka. Kukipambazuka mzigo ukionekana umepungua na kufuli linaning'inia palepale bila hata mkwaruzo, kesi huamuliwa kabla chai haijaisha: kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo aliyefungua ni mwenye ufunguo. Inasikika kama hesabu ya moja na moja. Lakini haisimami, na wanaoweza kuiangusha ni watu ambao tajiri wa lori hangefikiria kuwaita mashahidi, yaani wale wanaofungua makufuli bila ufunguo kwa sababu tu wanapenda kufanya hivyo.

Watu hao wapo, na hawajifichi. Nchini Ujerumani chama chao kilianzishwa mwaka 1997, na baadaye vikazuka vingine Uholanzi na Marekani. Hukutana, hushindana kwa saa mkononi, hubadilishana makufuli kama wengine wanavyobadilishana stempu. Miiko yao mikuu ni miwili: usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usiguse kufuli linalotumika mlangoni, hata likiwa lako, maana unaweza kuliharibu ukajifungia nje. Mwanafizikia Richard Feynman alikuwa na uraibu huohuo wakati wa Vita Vikuu vya Pili huko Los Alamos, alikofungua makabati yaliyohifadhi siri za bomu la atomiki ili kuwaonyesha wakubwa wake kwamba siri hizo hazikuwa salama kama walivyodhani. Na katika sehemu ya kwanza tulimwona Mmarekani Alfred Hobbs akitua London mwaka 1851 na kufungua kufuli la kampuni ya Bramah, lililokuwa limekaa dirishani kwa miongo mingi na ahadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16.

Ili kuona kwa nini kufuli la kawaida halichukui saa 51, litazame lilivyo ndani. Ndani ya kiwiliwili cha chuma mna silinda ndogo yenye tundu la ufunguo. Juu yake pamechimbwa vishimo, vinne au vitano kwa kawaida, na kila kishimo kina pini mbili zilizopandana, na springi inayozisukuma chini. Pini ya juu ikiwa imekaa nusu ndani ya silinda na nusu nje, silinda haizunguki. Meno ya ufunguo sahihi huziinua pini zote mpaka maungio yao yalingane na ukingo wa silinda, nayo ikazunguka. Kama vishimo hivyo vingechimbwa kwenye mstari ulionyooka kabisa, kazi ya anayefungua bila ufunguo ingekuwa ngumu mno. Lakini hakuna mashine inayochimba hivyo, na ile ya kufuli la bei nafuu ndiyo kabisa. Kimoja kimeenda kushoto unywele mmoja, kingine kulia. Ukiisukuma silinda kidogo kama unayetaka kuizungusha, pini zote hazibanwi kwa pamoja: inabanwa moja kwanza. Ukiinua hiyo, inakaa kwenye ukingo kwa mlio mdogo unaosikika kwa kidole kuliko kwa sikio, kisha zamu inahamia kwa nyingine. Kwa hiyo kitendawili cha pini nne kinageuka kuwa vitendawili vidogo vinne, kimoja baada ya kingine. Aliyezoea hulimaliza kufuli la aina hii kwa dakika chache, pengine kwa sekunde, na linabaki zima.

Watengenezaji walilijua hilo zamani, wakabuni pini za usalama. Pini ya juu haichongwi tena kama kijiti kilichonyooka. Huchongwa kiunoni ikawa kama bobini ya cherehani, pana juu na chini, nyembamba katikati, au hukatwa mifereji kuzunguka mwili wake. Hapo mkono hudanganywa. Silinda inazunguka kidogo, mtu anafurahi kwamba amefika, kumbe ukingo wa silinda umenaswa kwenye kiuno cha pini. Akiendelea kusukuma inakaza. Lazima alegeze, aiache silinda irudi nyuma, na akilegeza kupita kiasi pini alizokwisha kuzipanga zinaanguka zote. Wanaopenda mchezo huu huanzia kwenye makufuli ya pini za kawaida na huweza kukaa miezi kabla ya kuzoea haya mengine. Tofauti ni ya kweli basi, na ingefaa anayenunua kufuli aijue. Lakini kwa macho haionekani. Kwenye ubao wa duka la hadwea yote yanang'aa sawa, na mnunuzi hupima uzito kwa kiganja, ingawa uzito unaeleza unene wa chuma tu, haumwambii lolote kuhusu pini.

Hata hivyo, mwizi hahitaji ustadi wote huo. Tuchukue kufuli lenye pini nne, kila pini ikiweza kuwa na urefu wa aina tano. Funguo zinazowezekana ni 5 mara 5 mara 5 mara 5, yaani 625, na kiwandani zinapungua kwa sababu nyingine hazichongeki vizuri. Sasa malori 30 yenye kufuli la aina hiyohiyo yakilala uwanja mmoja, uwezekano kwamba mawili kati yake yanafunguliwa na ufunguo mmoja unapita nusu kidogo. Anayeshangaa na akae na kalamu: jozi zinazopatikana kutoka malori 30 ni 435, na kila jozi ina nafasi yake ya kulingana. Juu ya hapo kuna funguo zilizochongwa nakala, na kuna ule unaofungua makufuli mengi, ambao Kiswahili hakikuona haya kuuita ufunguo malaya.

Nitaambiwa kwamba wezi wa barabarani hawachezi na pini. Wana mkasi wa chuma, wana grinda, wana nondo. Kweli, na sijasema kwamba mabingwa wa pini wanazagaa Mai Mahiu usiku. Nasema jambo dogo zaidi: uzima wa kufuli hauwezi kutenganisha mwenye ufunguo na asiye nao, na kwa hiyo haufai kuwa msingi wa kumkata mtu mshahara au kumpeleka kituoni. Tena yule wa mkasi haachi shaka yoyote nyuma yake. Chuma kilichokatwa kinamtetea dereva. Anayemponza dereva ni yule wa kimyakimya, hata kama ni mmoja kati ya mia.

Pingamizi lenye uzito ni lingine. Fundi mwenye hadubini anaweza kulifungua kufuli, akazitoa pini na kuona mikwaruzo ambayo ufunguo hauachi. Sawa kabisa, na hiyo ndiyo njia ya haki: kufuli liwekwe kwenye mfuko, lichunguzwe, lisiendelee kutumika wiki nzima huku watu wakigombana. Ila uchunguzi huo nao una kikomo, kwa kuwa nakala ya ufunguo hupita mlemle unamopita ufunguo halali.

Kuna wanaoona kwamba kuyaandika haya ni kuwafundisha wezi. Hobbs aliambiwa vivyo hivyo, na jibu lake likachapishwa mwaka 1853: waovu wanaijua kazi yao kuliko tunavyoweza kuwafunza, na asiyejua ni mnunuzi. Kuna upande mmoja, hata hivyo, ambapo mpenda mchezo wa hapa Kenya hana budi kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa Hamburg. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamfanya kuwa mkosaji mtu anayekutwa nje ya makao yake na kifaa cha kutumia katika wizi au uvunjaji wa nyumba, na kama kifaa kimetengenezwa kwa kazi hiyo, kukutwa nacho peke yake ni ushahidi wa nia. Vyuma vyake na vibaki nyumbani, pamoja na makufuli yake. Kuvizungusha usiku katikati ya malori yaliyolala, eti ni mchezo, ni kujitafutia safari ya mahakama ya Naivasha.

Wengine watauliza kama lakiri za makontena, zile za chuma zenye namba na zile za kielektroniki zinazofuatiliwa kutoka Mombasa hadi mpakani, hazijaumaliza ubishi huu. Zimeupunguza kwa mizigo ya kwenda nchi jirani. Gunia la mahindi la kwenda Narok halina lakiri; lina kufuli. Na hata kontena lenye lakiri nzima limewahi, katika bandari nyingi duniani, kufunguliwa kwa kung'oa ribiti za mkono wa mlango na kuzirudisha. Namna hilo linavyofanyika, na namna ya kuligundua kwa kuzitazama ribiti hizo kwa tochi, ndiyo habari ya sehemu ya tatu.