Ripoti ya biashara bila gharama

MWENYE duka la vifaa vya ujenzi anayejua jumla ya mauzo pekee hawezi kutambua bidhaa inayomlisha na ile inayomla. Jibu halihitaji programu ghali ya uhasibu. LibreOffice Calc, lahajedwali isiyolipiwa, ina jedwali la pivoti ambalo hujumlisha maelfu ya mauzo mara moja.

Kazi iko katika rekodi. Kila mauzo yapewe mstari wake, na kila safu wima kichwa: tarehe, bidhaa, tawi, faida. Ukiandika “saruji” leo na “simiti” kesho, kompyuta itazihesabu kuwa bidhaa mbili.

Kisha bidhaa ziwekwe kwenye mistari, matawi kwenye safu wima na faida katikati. Mauzo yakiongezeka, panua eneo la data na ulisasishe jedwali. La sivyo, utapeleka benki takwimu za zamani ukiomba mkopo.