‘Kaa nyumbani’, lakini nyumbani wapi? Wanafunzi wa uigizaji na kumbukumbu ya zuio la korona

MIONGONI mwa amri tulizopewa mwaka 2020, hakuna iliyokuwa fupi kuliko hii: kaa nyumbani. Ilisemwa redioni, ikabandikwa kwenye kuta za masoko na vituo vya matatu, ikatumwa kwa simu. Kisarufi haina utata wowote. Ni kitenzi katika hali ya kuamrisha kikifuatwa na kielezi cha mahali. Mtoto wa chekechea anaielewa.

Hata hivyo, nimeshawishika kwamba ni kauli chache mno za enzi yetu zilizobeba maana nyingi kiasi hicho. Walionishawishi si wanaisimu wenzangu bali wanafunzi wa uigizaji. Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi vijana hao wanavyolitafakari zuio la korona jukwaani, na kwa nini kazi yao inatuhusu sisi tunaojishughulisha na lugha.

Kwanza tujikumbushe. Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule na vyuo vifungwe. Kuanzia Machi 27 ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 jiji la Nairobi na viunga vyake likafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Siku mbili baadaye zikafuata kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Mipaka hiyo ilifunguliwa Julai 7. Wanafunzi wengi wa shule hawakurejea madarasani hadi Januari 4, 2021, na kafyu yenyewe haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021.

Sasa turudi kwenye neno letu. Nomino ni ‘nyumba’. Ukiiongezea kiambishi -ni unapata mahali. Lakini maana ya ‘nyumbani’ haikomei hapo. Mkazi wa Nairobi anayekwambia mwezi wa Disemba kwamba anaenda nyumbani hamaanishi chumba anacholipia kodi Kawangware au Donholm. Anamaanisha Kakamega, Nyeri, Kitui au Homa Bay, waliko wazazi wake na makaburi ya babu zake. Kile chumba cha jijini ni nyumba tu, au ‘keja’ kwa vijana wetu.

Kwa hivyo jiji lilipofungwa, serikali iliyowaambia watu wakae nyumbani ndiyo hiyo iliyoweka vizuizi barabarani wasiende nyumbani. Sisemi kwamba hatua ile ilikuwa mbaya kiafya. Lengo lake lilikuwa kuzuia ugonjwa usiwafikie wazee mashambani. Ninachosema ni kwamba sikio la Mkenya lilisikia amri mbili zinazopingana zikitoka kinywa kimoja.

Mwanafalsafa Mwingereza J.L. Austin alitufunza kwamba kusema ni kutenda. Kauli huamuru, huahidi, huonya, hutisha. Uzito wa kitendo hicho hutegemea nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi. Darasani tunaliita jambo hili muktadha, tunaliandika ubaoni, wanafunzi wanalinakili, basi. Jukwaani halinakiliki. Lazima mtu asimame mahali fulani, amtazame mwenzake usoni, aseme.

Uigizaji wenyewe ulikuwa miongoni mwa sanaa zilizoumia zaidi. Mshairi aliweza kuandika akiwa peke yake chumbani. Mwigizaji anahitaji miili mingine: wenzake wa kuigiza nao na hadhira ya kupumua pamoja nayo. Shule zilipofungwa, tamasha ya kitaifa ya drama, ambayo kwa kawaida huwakusanya maelfu ya wanafunzi mwezi wa Aprili, haikufanyika. Michezo iliyokuwa imefanyiwa mazoezi tangu Januari ilikufa pamoja na maleba yake.

Si mara ya kwanza duniani. Kumbi za London zilifungwa kwa muda mrefu kati ya 1592 na 1594 kwa sababu ya tauni, wakati Shakespeare akiwa kijana katika kazi hiyo. Wasomaji wa Romeo and Juliet watakumbuka kwamba barua ambayo ingewaokoa wapenzi wale haikufika. Mtawa aliyetumwa kuipeleka alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na maradhi. Msiba wote ule umening’inia kwenye karantini, na bado tunaufundisha kana kwamba ni hadithi ya mapenzi na uhasama wa koo peke yake.

Mwishoni mwa 2022 nilikuwa nikifundisha kozi ya uigizaji kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Wengi wao walikuwa watahiniwa wa KCSE ya 2020, ile iliyofanywa mwaka uliofuata. Niliwapa yale maneno mawili, kaa nyumbani, nikawataka watunge vipande vya dakika kumi kumi. Sikuwapa hati wala wahusika. Nitaeleza vitatu.

Kikundi cha kwanza kilichora mraba sakafuni kwa chaki, futi kumi kwa kumi. Ndani yake wakaingia vijana sita: baba, mama, watoto watatu na binamu aliyekwama mjini. Sauti ya redio ikasema ‘kaa nyumbani, weka umbali wa mita moja na nusu’. Wakajaribu. Mmoja akisogea, anamkanyaga mwingine. Wakajipanga upya, wakashindwa, wakajipanga tena. Hadhira ilicheka sana. Redio ikarudia amri ileile kwa sauti ileile ya upole, mara ya tano, mara ya sita. Kicheko kikapungua, kikaisha. Hakuna mhusika aliyesema neno lolote dhidi ya serikali. Hawakuhitaji. Chaki ilikuwa imeshasema.

Kikundi cha pili kilikuwa na wahusika wawili na simu mbili. Kijana yuko Nairobi, dada yake yuko mashambani penye mazishi ya mama yao. Wakati ule waombolezaji kaburini hawakutakiwa kuzidi 15, na hata kama wangeruhusiwa zaidi, barabara ilikuwa imefungwa. Dada anamwonyesha kaka yake jeneza kupitia simu. Anamwambia aombe, sauti yake isikike. Kijana anafumba macho, anaanza kuomba, anaomba kwa uchungu. Katikati ya sala dada anaiangalia simu yake. Kijana haoni. Anaendelea kuomba. Mwishowe anafumbua macho na kusema kwa unyonge: “Sista, bado uko? Ama ni bando imeisha?” Mchezo ukakomea hapo.

Nimesoma tanzia nyingi katika maisha yangu ya ualimu. Sijui ni mara ngapi nimesikia swali dogo la mtaani likibeba msiba mzito kama huo. Angalieni lugha yake. Kijana yule hakutafuta msamiati wa vitabuni. Angesema ‘kifurushi cha data kimekwisha’, hadhira ingemwona mwigizaji. Aliposema ‘bando imeisha’ wakamwona ndugu yao.

Kikundi cha tatu kilinishangaza zaidi. Mjukuu na shosho wake wako kijijini. Redio inatangaza kafyu. Mjukuu anaendelea kuchezea simu, lakini shosho anainuka. Anaingiza mbuzi ndani, anazima taa, anafunika moto, anamwambia mjukuu avue viatu asisikike akitembea. Msichana anacheka: “Shosho, ni korona tu, bana.” Bibi kizee anamjibu kwa sauti ya chini: “Hata ile ilikuwa na jina.”

Kwa wengi wa wanafunzi wangu, kafyu lilikuwa neno la 2020. Kwa wazee wa eneo la Kati ni neno la Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Lilimaanisha askari, mbwa na vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Neno moja lilikuwa limelala katika nyumba moja kwa miaka karibu 70 likiwa na maana mbili, na wenye nyumba hawakujua. Wanafunzi wale waliniambia kwamba walipokuwa wakitunga kipande hicho ndipo walipowauliza wazee wao, kwa mara ya kwanza, waliona nini. Hata tarehe zilishirikiana nao: kafyu ya korona iliondolewa Sikukuu ya Mashujaa, ambayo ni tarehe hiyohiyo ya Oktoba 20.

Hapa ndipo historia ya tamthilia yetu inapoingia. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, mwanafunzi wa Alliance High School, Henry Kuria, aliandika na wenzake wakaigiza Nakupenda, Lakini..., mojawapo ya tamthilia za kwanza za Kiswahili nchini. Ilichapishwa 1957. Ni tamthilia ya mapenzi. Simlaumu mwandishi: katika shule ya mkoloni, wakati kama ule, kijana angethubutu kuandika nini kingine? Lakini hebu tufikirie tungekuwa na hazina gani leo kama vijana wale wangeruhusiwa kuigiza pia usiku waliokuwa wakiuishi. Shosho wa jukwaani asingehitaji kusubiri miaka 70 ili aulizwe.

Huenda msomaji akauliza: vipande kama hivi hutungwaje? Hatua ni tatu. Kwanza, kila mwanafunzi analeta kitu na sentensi moja aliyoisikia wakati ule, si hadithi nzima. Waliniletea ufunguo, barakoa iliyochakaa, redio, kadi ya muda wa maongezi. Pili, wanabadilishana. Hakuna anayeigiza yaliyompata mwenyewe. Aliyefiwa anampa mwenzake kisa chake, naye anapewa cha mwingine. Tatu, wanapunguza maneno mpaka yabaki yale ambayo kitendo hakiwezi kuyasema.

Hatua ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Bertolt Brecht, mtunzi wa Kijerumani, alitaka mtazamaji awekwe mbali kidogo na kinachomliza ili apate nafasi ya kufikiri. Kubadilishana visa kunampa mwigizaji nafasi hiyohiyo. Bila umbali huo, jukwaa linageuka mahali pa kuungama, na mwalimu wa tamthilia si mshauri nasaha. Zuio lile liliacha majeraha yasiyofaa kufunuliwa mbele ya darasa: wapo waliopigwa, wapo waliodhulumiwa na watu wa nyumbani mwao wenyewe. Mwanafunzi anayesema ‘Prof, hii siwezi’ aachwe, asiulizwe kwa nini.

Augusto Boal wa Brazil alikwenda mbele zaidi: alimruhusu mtazamaji kusimamisha mchezo, aingie jukwaani na kujaribu suluhisho lake. Tulijaribu hivyo na ule mraba wa chaki. Msichana mmoja aliinuka kwenye hadhira akasema tatizo ni dogo tu, atatoka nje apate hewa. Alipouvuka mstari, mwigizaji wa polisi akapuliza filimbi. Akarudi ndani. Akatafakari, kisha akachukua chaki na kuanza kuupanua mraba. Kulikuwa na kimya. Kisha mmoja akauliza kutoka nyuma: “Hiyo chaki unaitoa wapi?” Mjadala wa makazi na umaskini tuliofanya baada ya swali hilo ulichukua kipindi kizima.

Barakoa nazo zilitufunza. Neno hili si geni katika Kiswahili. Kamusi za zamani zinalitaja kama kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa pwani. Mwaka 2020 lilifufuliwa kwa kazi mpya, likashika haraka kuliko istilahi nyingi tunazobuni kwenye makongamano. Jukwaani barakoa inamnyang’anya mwigizaji nusu ya uso. Wanafunzi wangu walijifunza kukasirika kwa mabega na kutabasamu kwa macho. Matamshi yao pia yaliimarika, maana anayemumunya maneno nyuma ya kitambaa hasikiki ng’o.

Wapo wanaosema habari za korona zimepitwa na wakati, ati watu wamechoka nazo. Hoja hiyo ina ukweli: uchovu upo. Lakini kuchoka si kuelewa. Tuliyafungua madarasa, tukaibana mihula ili kufidia muda uliopotea, tukasonga mbele. Hatukuwauliza vijana walitumiaje miezi ile wala iliwafanya watu gani. Maonyesho haya ni miongoni mwa nafasi chache walizopata za kujibu, na wamejibu kwa Kiswahili chao wenyewe, sanifu kikikaa bega kwa bega na cha mtaani.

Hofu yangu ni kwamba majibu hayo yanapotea. Vipande nilivyovieleza havimo katika kitabu chochote. Vimo katika daftari langu na katika video za simu zinazofutwa kila hifadhi inapojaa. Idara zetu hutoa alama na kufunga faili. Ninapendekeza kila idara inayofundisha uigizaji iweke nakala za kazi kama hizi, kwa idhini ya waliozitunga, zikiwa na tarehe na mahali. Haihitaji bajeti kubwa, ni kabati na mtu wa kulitunza.

Kwa walimu wa sekondari wanaosoma makala haya, nina zoezi moja la kipindi kimoja. Utakapofundisha muktadha, usianze na fasili. Waite wanafunzi watano mbele, kila mmoja aseme ‘kaa nyumbani’: daktari kwa mgonjwa, mama kwa bintiye, polisi kwa mchuuzi, mwajiri kwa kibarua, na mume kwa mke. Kisha waulize wengine ni nani kati ya hao watano aliyekuwa akimtakia mwenzake mema, na wamejuaje.