Gunia Moja, Sheria Mbili

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu. Siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka pamoja na kingine cha kuthibitisha kwamba aflatoksini, aina ya sumu hiyo, haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa wafanyabiashara wa Isebania, mji wa Kaunti ya Migori unaotazamana na Sirari upande wa Tanzania, habari ikawa moja tu: bila karatasi, lori halivuki.

Mikrogramu 10 ni kiasi ambacho jicho halikioni wala ulimi haukionji. Kuvu huitengeneza sumu hiyo shambani mvua ikikatika mapema, kisha huendelea nayo ghalani nafaka ikihifadhiwa mbichi, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huua haraka: mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, wakiwemo wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa.

Kaunti jirani ya Homa Bay ina tatizo lake, nalo ni njugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima sampuli zaidi ya 700 za njugu za wakulima wa Busia na Homa Bay. Takriban 87 kati ya kila 100 zilikuwa na chini ya mikrogramu 4 kwa kilo, yaani salama. Lakini sampuli iliyoongoza kwa sumu, iliyotoka Homa Bay, ilipita mikrogramu 7,000. Ndivyo aflatoksini ilivyo: haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza zinatosha kuharibu gunia zima, na mkaguzi anayechota konzi moja juujuu anaweza kulipitisha gunia hilo akiwa na dhamiri safi kabisa.

Sasa tazama sheria. Chakula cha watu kinasimamiwa na Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, cha mifugo na Sura ya 345, huku Shirika la Viwango, KEBS, likiweka viwango vya vyote viwili. Kwenye makabati ya serikali mgawanyo huo unaeleweka. Sokoni haupo. Mama anayeuza njugu kwa gorogoro, kopo la kupimia, huzichambua kwanza. Zilizojikunja na kubadilika rangi huwekwa kando, na mara nyingi huishia kwa kuku, nguruwe au mbwa wa nyumbani. Omena, dagaa wa ziwani, wa Mbita au Muhuru Bay pia: aliyekauka vizuri huenda sufuriani, aliyenyeshewa au kujaa mchanga huenda kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo.

Na sumu hairudi nyuma kwa sababu mlaji ana miguu minne. Dunia iliijua aflatoksini kupitia mifugo: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil. Mwishoni mwa 2020, Marekani, chakula cha mbwa kilichotiwa mahindi yenye sumu kiliondolewa madukani. Kufikia Januari mbwa zaidi ya 70 walikuwa wameripotiwa kufa. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu huingia kwenye maziwa, ikarudi mezani kwa mtu yuleyule aliyedhani ameitupa.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wauzaji wa chakula, viwango vikabaki Nairobi. Alama ya KEBS huonekana kwenye pakiti. Gorogoro haina pa kuibandika. Kwa hiyo Migori na Homa Bay zikitaka kuikamata sumu, mahali pa kuanzia ni kwa mnunuzi wa jumla, kabla njugu hazijachambuliwa: sampuli zichotwe juu, katikati na chini ya magunia mengi, zisagwe pamoja, ndipo zipimwe. Vifaa vya kupima haraka hutoa majibu kwa dakika chache. Kuchota ndiko kunakochosha.