Moto ulizimwa Endarasha, ubongo bado unaukimbia

Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, eneo la Kieni, Kaunti ya Nyeri, liliteketea. Wanafunzi 21 walifariki. Waliolala humo walikuwa zaidi ya 150. Walionusurika basi ni wengi, na ndio wanaonitia wasiwasi.

Mtoto aliyeponea moto kama ule anaweza kukataa kulala taa ikizimwa. Akisikia harufu ya kuni zinazowaka jikoni kwa nyanya yake, moyo humwenda mbio na viganja vikalowa jasho. Si ukaidi, wala hajidekezi. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo ndiyo king'ora cha mwili. Haingoji mtu afikiri: adrenalini hutolewa papo hapo, kisha kotisoli, ili akimbie au apigane. Jirani yake, hipokampasi, huhifadhi kumbukumbu pamoja na saa na mahali pake. Hofu ikipita kiasi, kazi hiyo huvurugika, na moshi, joto na mayowe hubaki vipande vipande visivyo na tarehe. Kwa hivyo harufu ile ikirudi, kwa mtoto huyo moto unawaka sasa hivi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ingemtuliza, haikomai hadi mtu avuke miaka ishirini.

Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache wakiwa na watu wanaowaamini. Lakini jinamizi, kushtukashtuka, hasira za ghafla au kukwepa shule vikizidi mwezi mmoja, mtoto anahitaji mtaalamu. Tiba ya mazungumzo humrudisha kwenye tukio hatua kwa hatua, akiwa salama. Kumshurutisha asimulie yote siku za mwanzo hakumsaidii, na Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo.

Na kumwambia asahau? Wazee wetu waliofungwa katika kambi za wakoloni Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau, miaka ya 1950, wengi wao walinyamaza. Mwaka 2006, mtaalamu wa magonjwa ya akili Lukoye Atwoli na wenzake walichapisha utafiti kuhusu manusura wa kambi hizo: takriban theluthi mbili walikuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, nusu karne baadaye.

Mzazi wa Mweiga au Naromoru, huko huko Kieni, anayeona dalili hizi asingoje muhula uishe. Amwambie mwalimu wa darasa, kisha ampeleke mtoto hospitalini na kuomba waziwazi mshauri wa afya ya akili, hata kama mwili hauna kovu.