Jina la Mtu Aliye Hai na Kamusi Elezo za Intaneti

Siku hizi mwanafunzi wa Rusimbi, hapa katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, akitaka kujua habari za mtu fulani hafungui kitabu, hufungua simu. Mara nyingi jibu la kwanza hutoka Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa Januari 2001 na yenye toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003. Waandishi wake ni watu wa kujitolea, na wengi hawajulikani kwa majina yao halisi. Miongoni mwa wanaoandikwa wamo walio hai, na baadhi yao hawataki kuandikwa. Je, wana haki ya kukataa? Swali hili latuhusu sisi watumishi wa Neno, kwa kuwa ni swali la Amri ya Nane kabla halijawa swali la mitambo.

Wala si swali geni katika ufuko huu. Stanley, aliyemkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, alichapisha mwaka 1890 kitabu cha safari yake ya kumwokoa Emin Pasha. Humo alimlaumu vikali Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kwa maafa yaliyokipata kikosi kilichoachwa nyuma. Tippu Tip alikuwa hai, na hakuna aliyemwomba idhini. Baadaye aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akatoa maelezo yake juu ya ugomvi ule; Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha kabla mzee huyo hajafariki mwaka 1905. Twashukuru kwamba maelezo hayo yapo. Lakini tuseme idhini yake ingekuwa sharti la kuandikwa: basi misafara ya watumwa na pembe za ndovu nayo ingesimuliwa kama alivyopenda yeye tu, na katika simulizi lake watumwa hawana sauti. Mwenye nguvu ndiye hukataa kwa sauti kubwa kuliko wote, na ana sababu zake.

Kwa upande wa pili, yako madhara ya kweli. Mei 2005 mtu mmoja, kwa mzaha, aliandika katika Wikipedia kwamba mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa hapo miezi minne hivi. Seigenthaler aliweza kujitetea katika gazeti kubwa la nchi yake. Mvuvi wa Kibirizi angejitetea wapi? Baada ya kisa hicho Wikipedia iliweka kanuni maalumu juu ya watu walio hai: neno la kumdhuru mtu lisilo na chanzo cha kuaminika liondolewe mara moja, aliyejulikana kwa tukio moja tu kwa kawaida asiandikiwe makala yake peke yake, na mtu asiye maarufu akiomba makala yake ifutwe, ombi lake laweza kuamua pale wahariri wanaposhindwa kukubaliana. Kanuni ni njema, ila zahitaji watu wa kuzisimamia, na wahariri wa toleo la Kiswahili ni wachache mno wakilinganishwa na wa Kiingereza.

Hapa Luther atusaidia kuliko tunavyodhani. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akifafanua amri hii, hasemi tu kwamba uongo ni dhambi. Asema hata jambo la kweli, likiwa la siri, si ruhusa kulitangaza kwa mtu asiyepewa kazi ya kuhukumu. Aliyeona na amwendee ndugu yake faraghani. Bali dhambi iliyotendwa hadharani yaweza kusemwa hadharani, wala huko si kusengenya. Basi kipimo chake si kama mhusika amekubali au amekataa. Kipimo ni kama jambo lenyewe ni la hadharani, na kama msemaji ana wito wa kulisema. Jambo hilo la pili ndilo gumu kwa kamusi elezo, maana mwandishi asiye na jina amepewa wito na nani?

Mfano ulio karibu nasi ni Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Washtakiwa walitajwa wazi, wakiwamo wakuu wa serikali na hata mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana, aliyehukumiwa mwaka 2003. Mashahidi wengi, wakiwamo wanawake waliotendewa unajisi, walitajwa kwa herufi tu. Sioni kamusi elezo ikipata utaratibu bora kuliko huo. Mbunge, askofu au tajiri akikataa kuandikwa juu ya kazi yake ya hadharani, asisikilizwe, ila makosa yasahihishwe upesi. Lakini mkimbizi wa Nyarugusu, au mtu ambaye habari yake pekee ni ule msiba uliompata, akisema hapana, neno lake litoshe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, yatukumbusha kwamba jambo hili haliwahusu watu wa mitambo peke yao. Sharika zetu nazo huweka habari za watu walio hai: vitabu vya ubatizo, vya ndoa, na kumbukumbu za marudi za baraza la wazee. Vijana wenye nia njema sasa wanataka kuandika historia ya usharika na kuiweka kwenye intaneti. Wasaidiwe, nao waandike majina ya wainjilisti na mwaka wa kujengwa kanisa. Kitabu cha marudi kibaki kabatini kwa mchungaji.